Mto Fuji na Mpaka wa Umeme wa Japani

Mto Fuji, ambao wenyeji wake huuita Fujigawa, si mto mrefu. Kutoka milima ya Japani ya kati hata Ghuba ya Suruga ni kilomita 128 tu. Lakini maji yake huteremka kwa nguvu, nao huhesabiwa miongoni mwa mito mitatu ya nchi ile yenye mwendo mkali kuliko mingine. Wanahistoria huukumbuka kwa mambo ya mwaka wa 1180, jeshi la ukoo wa Taira lilipokimbia usiku kando yake pasipo kupigana. Husimuliwa kuwa lilishtushwa na mshindo wa mabawa ya ndege wa majini. Mafundi wa umeme huukumbuka kwa sababu nyingine kabisa. Mashariki ya mto huu umeme hurudiarudia mwendo wake mara 50 katika kila sekunde. Magharibi yake hurudia mara 60. Mpaka huo huanzia baharini, hupanda milimani, hushuka upande wa pili, na kuishia karibu na mji wa Itoigawa katika pwani ya kaskazini. Tokyo iko upande mmoja, na Osaka, Nagoya na Kyoto ziko upande wa pili. Zamani nchi nyingi zilikuwa na mchanganyiko wa namna hii, na nyingine zilikuwa na mchanganyiko mbaya zaidi. Karibu zote ziliuondoa. Japani haikuuondoa, na swali la kwa nini lina maana kubwa kuliko linavyoonekana, maana mwaka wa 2011 lilikuwa swali la mwanga na giza kwa mamilioni ya watu.

Kwanza yafaa jambo lenyewe lieleweke. Umeme unaotumika majumbani ni mkondo geu: haupiti katika waya kwa upande mmoja kama maji katika mfereji, bali huenda mbele ukarudi nyuma, ukaenda tena mbele. Kwenda na kurudi mara moja ni marudio moja, na hesabu ya marudio katika sekunde moja hupimwa kwa kipimo cha hezi, kilichopewa jina la mwanachuoni wa Kijerumani Heinrich Hertz. Mtambo wa kuzalisha umeme ndio unaoamua hesabu hiyo, kwa kasi ya mzunguko wake na kwa wingi wa ncha za sumaku zilizomo ndani yake. Basi fundi aliyeunda mtambo wa kwanza wa mji ndiye aliyeuchagulia mji ule mapigo ya moyo wake, mara nyingi pasipo yeye mwenyewe kufikiri kuwa anafanya jambo la milele.

Umeme ulifika Japani mapema. Tarehe 25 Machi 1878 mwalimu Mwingereza, William Ayrton, pamoja na wanafunzi wake, aliwasha taa ya umeme katika karamu moja huko Tokyo. Mmoja wa wanafunzi hao, Fujioka Ichisuke, baadaye aliacha ualimu akawa mhandisi mkuu wa kampuni ya taa za umeme ya Tokyo, na mwaka wa 1887 kampuni hiyo ilianza kuuza umeme kutoka kituo chake cha kwanza. Umeme ule ulikuwa mkondo mnyoofu, kwa mtindo wa Edison, ambao hauna marudio hata kidogo. Osaka walifuata njia nyingine. Mhandisi wao, Iwadare Kunihiko, alikuwa amefanya kazi Marekani katika viwanda vya Edison mwenyewe, lakini alipotakiwa shauri na watu wa Osaka hakuwashauri kununua mtindo wa bwana wake. Aliwashauri kuchukua mkondo geu wa kampuni ya Thomson-Houston, na kwa huo Osaka ikaanza mwaka wa 1889. Alikuwa na haki. Mkondo geu huweza kupandishwa nguvu kwa transfoma ukasafirishwa mbali, kisha ukashushwa mlangoni pa mnunuzi, na hapana mji mkubwa uliodumu katika mkondo mnyoofu.

Tokyo nayo ikageuka. Katika miaka ya 1895 hadi 1897 miji yote miwili ilihitaji mitambo mikubwa zaidi, na kila mmoja ukaagiza kwa muuzaji wake. Tokyo ilinunua kwa kampuni ya AEG ya Ujerumani kwa ajili ya kituo cha Asakusa, na mitambo ile ilikuwa ya marudio 50. Osaka ilinunua kwa General Electric ya Marekani, iliyozaliwa mwaka wa 1892 kwa muungano wa Thomson-Houston na kampuni ya Edison, na mitambo yake ilikuwa ya marudio 60. Wasimulizi wengi huishia hapa na kusema kuwa hii ndiyo sababu ya mpaka wa Mto Fuji. Si kweli, au si kweli yote. Biashara mbili za karne ya kumi na tisa haziwezi kuifunga nchi kwa zaidi ya miaka mia na ishirini, ila ikiwa kuna jambo lingine lililozishika.

Wanunuzi wale hawakufanya kosa. Kati ya Tokyo na Osaka kuna mwendo wa kilomita 400 kwa njia ya ndege, na wakati ule hapana waya uliokuwa ukipeleka umeme mbali kiasi hicho. Ajabu ya dunia ilikuwa njia ya Lauffen hadi Frankfurt ya mwaka wa 1891, yenye urefu wa kilomita 175, ambayo AEG ilishiriki kuijenga. Njia ile ilikuwa ya marudio 40. Taa zilizowashwa kwa marudio hayo zilionekana kupepesa, na AEG baadaye ikapanda hadi 50. Huko Marekani safari ilikuwa ya kushuka: Westinghouse walianza kwa marudio 133, yakafaa taa lakini yakaisumbua mota, wakashuka hadi 60. Katika maporomoko ya Niagara mwaka wa 1895 yalichaguliwa marudio 25, kwa sababu gurudumu la maji lililokwisha kuagizwa lilizunguka mara 250 kwa dakika, na mtambo wenye ncha 12 kwa kasi hiyo hutoa 25 barabara. Kila mmoja alikuwa na hoja yake. Hesabu ya 50 na hesabu ya 60 hazina tofauti ya ubora inayostahili ugomvi. Ubaya wake umo katika kutolingana tu, kama vile upande wa kuendesha gari barabarani.

Jambo lililozishika lilikuwamo majumbani na viwandani, na ndilo linalotaka kuelezwa kwa urefu.

Vyombo vya joto havijali marudio. Pasi, birika, jiko la koili na balbu ya kale ya waya hupata joto ileile, kwa sababu umeme ukipita huku au kule waya huungua vilevile. Lau watu wangetumia umeme kwa taa na pasi peke yake, Japani ingeweza kubadili marudio yake kwa siku moja na wananchi wasitambue. Lakini kila kitu chenye mota, au chenye koili iliyozungushiwa chuma, kinajua.

Mota za kawaida hufuata mwendo wa umeme. Ndani yake nguvu ya sumaku huzunguka, na sehemu ya kati huifukuza. Katika mota ya ncha nne nguvu ile huzunguka mara 1,500 kwa dakika kwenye umeme wa marudio 50, na mara 1,800 kwenye marudio 60. Shafti yenyewe hubaki nyuma kidogo kwa sehemu chache katika mia. Maana yake ni kuwa kiwanda cha kusokota nyuzi kilichohama kutoka Tokyo kwenda Osaka kingeona mashine zake zote zikiongeza mwendo kwa fungu moja katika matano. Huenda mwenye kiwanda akafurahi siku ya kwanza. Lakini feni na pampu zina sheria yao: nguvu zinazohitaji haziongezeki kwa kadiri ya mwendo, bali kwa mwendo uliozidishwa kwa wenyewe mara tatu. Feni iliyoongezewa mwendo mara 1.2 hudai nguvu mara 1.73, yaani karibu robo tatu zaidi, na mota iliyokuwa ikiimudu kazi yake kwa utulivu huanza kunuka moto.

Kurudi upande wa pili kuna hatari tofauti, nayo ni ya kisirisiri zaidi. Koili huuzuia mkondo geu kwa kadiri ya marudio yake. Marudio yakipungua, kizuizi hupungua. Mota au transfoma iliyopimwa kwa marudio 60 ikitiwa katika umeme wa 50 wenye msukumo uleule, chuma chake hutakiwa kubeba sumaku zaidi kwa fungu la tano. Mwenye kiwanda cha kuunda vyombo hivyo hakuweka chuma cha ziada, maana chuma ni fedha. Basi chuma hushiba, na kikishashiba mkondo wa bure huongezeka kwa wingi, chombo huvuma kama nyuki na kupata joto hata pasipo kufanya kazi yoyote. Wengi waliodhani kuwa mashine ikienda polepole imepumzishwa walijifunza kinyume chake.

Taa ndefu za tyubu zilikuwa na ugonjwa uleule, kwa kuwa choki yake ni koili: choki ya 60 katika umeme wa 50 huungua, na choki ya 50 katika umeme wa 60 hutoa mwanga hafifu. Gramafoni zilizozungushwa na mota zifuatazo marudio zilitoka kiwandani na puli mbili za ukubwa mbalimbali, kwani sahani ya mizunguko 33 na theluthi ikizungushwa kwa puli isiyo yake katika umeme wa 60 hufika mizunguko 40. Sauti hupanda na wimbo ukaisha kabla ya wakati wake. Mashine za kufulia zilikuwa na puli zake pia. Jiko la maikrowevu lilipoingia, transfoma na kapasita yake vilifungamanishwa na marudio ya upande mmoja, na majiko ya namna hiyo yaliandikwa 50 au 60 ili mnunuzi asikosee. Familia iliyohamishwa kikazi kutoka Yokohama kwenda Kobe ililazimika kupitia vyombo vyake kimoja kimoja.

Na saa. Mwaka wa 1916 Mmarekani Henry Warren aliunda saa ya ukutani isiyo na jira, inayohesabu marudio ya umeme tu, akavishawishi vituo vya umeme kulinda marudio yao kwa uangalifu ili saa zake zisiongope. Saa kama hiyo iliyoundwa kwa marudio 50 ikipelekwa kwenye 60 huenda mbele dakika 12 katika kila saa. Ya 60 ikipelekwa kwenye 50 huchelewa dakika 10. Asubuhi hadi jioni hukosana na jua kwa saa mbili.

Kwa hiyo, kila mota iliyouzwa ilikuwa kura iliyopigwa kwa marudio ya upande wake. Mwaka wa 1897 zilikuwa chache. Mwaka wa 1925 zilikuwa nyingi mno, na kampuni ndogo zilizokuwa jirani ya Tokyo zilikuwa zimekwisha kununua mitambo ya 50 ili ziweze kuuziana umeme na kampuni kubwa, kama zile za magharibi zilivyonunua ya 60. Kisiwa cha Kyushu kilichanganya yote mawili, na kazi ya kukilinganisha kwa 60 ilikuja kumalizika baada ya Vita Kuu ya Pili. Safu ya milima ya katikati, penye watu haba na waya haba, ikawa pahali pa pande mbili kukutana kwa kutazamana.

Wengine waliingia gharama wakajitoa. Uingereza ilikuwa na fujo kuliko Japani: London peke yake ilikuwa na marudio ya aina nyingi, Newcastle na jirani zake walikuwa na 40, Birmingham na Glasgow walikuwa na 25. Sheria ya mwaka wa 1926 iliunda halmashauri ya taifa, ikaamuru 50 kwa wote, na gharama zikagawanywa kwa nchi nzima. California ya kusini, iliyoanza na 50 tangu miaka ya 1890, iligeukia 60 na kumaliza mwaka wa 1948. Jimbo la Ontario huko Kanada, lililolelewa na umeme wa Niagara wa marudio 25, lilifanya kazi ya kustaajabisha kati ya mwaka wa 1949 na 1959: mafundi walipita nyumba kwa nyumba, wakabadili mota za friji na mashine za kufulia, au wakampa mwenyewe chombo kingine. Mifano hii inafunza kuwa mabadiliko yaliwezekana pale palipokuwa na mkono mmoja wenye mamlaka na mfuko, na pale upande mmoja ulipokuwa mdogo kuliko mwingine. Afrika Mashariki haikuwa na haja ya kubadili njia kuu zake, kwani ziliwekwa zote katika 50. Umeme wa Owen Falls ulipoanza kupelekwa Kenya mwaka wa 1958 haukuhitaji mkalimani njiani.

Japani ilikuwa na mkono mmoja kwa muda mfupi. Mwaka wa 1939 serikali iliunda kampuni moja ya kuzalisha na kusafirisha umeme kwa nchi nzima. Lakini ilikuwa kampuni ya vita, na chuma na shaba vilikuwa na kazi nyingine. Baada ya kushindwa, mjadala wa namna ya kuipanga upya biashara hii ulikuwa mkali, na aliyeshinda ni Matsunaga Yasuzaemon, mzee mwenye moyo wa ukaidi aliyeamini kampuni za watu binafsi kuliko serikali. Mwaka wa 1951 nchi iligawanywa katika kampuni tisa, kila moja ikimiliki eneo lake tangu mtambo hadi mlango wa mteja. Mpango ule ulifanikiwa sana, na uchumi uliokuja baadaye ni ushahidi. Lakini kwa suala la marudio ulikuwa kama kutia saini. Kampuni ya Tokyo ilikuwa na 50, ya Chubu na ya Kansai zilikuwa na 60. Nani kati yao angewaambia wateja wake kuwa vyombo vyao vitabadilishwa kwa faida ya jirani? Tena pande zote mbili zilikuwa kubwa. Hapakuwa na Ontario ya kuifuata Marekani. Palikuwa na Marekani mbili.

Wahandisi walifanya wawezavyo. Bwawa la Sakuma, lililokamilika mwaka wa 1956 katika Mto Tenryu, lilitiwa mitambo iwezayo kutumikia pande zote: ikizunguka mara 167 kwa dakika hutoa marudio 50, ikizunguka mara 200 hutoa 60. Reli ya mwendo wa kasi ya Tokyo hadi Osaka, iliyofunguliwa tarehe 1 Oktoba 1964, ilivuka mpaka huo, na wajenzi wake waliamua kuwa treni itumie 60 njia nzima. Upande wa Tokyo waliweka mashine pacha: mota inayolishwa umeme wa 50, na katika shafti hiyohiyo mtambo utoao 60. Hesabu yake ni nyepesi na ya kupendeza. Mota yenye ncha 10 katika umeme wa 50 huzunguka mara 600 kwa dakika, na mtambo wenye ncha 12 ukizungushwa mara 600 hutoa 60. Mwaka wa 1965 kikafunguliwa kituo cha Sakuma cha kugeuza marudio bila ya mashine izungukayo: umeme wa upande mmoja hunyooshwa ukawa mkondo mnyoofu, kisha hufanywa mkondo geu tena kwa marudio ya upande wa pili. Uwezo wake ulikuwa kilowati 300,000. Kituo cha Shin-Shinano kilifuata mwaka wa 1977, kikaongezwa hadi kilowati 600,000, na cha Higashi-Shimizu mwaka wa 2006 kikaanza na 100,000. Jumla ni kilowati milioni moja, na kwa miaka mingi ilionekana inatosha, kwa kuwa kila kampuni ilijitegemea.

Tarehe 11 Machi 2011 tetemeko la ardhi na mawimbi ya tsunami viliipiga pwani ya mashariki. Kampuni ya Tokyo ilipoteza mitambo ya nyuklia ya Fukushima, na pamoja nayo vituo vingi vya makaa na mafuta vya pwani. Siku ya tarehe 14 ilitazamiwa kuwa wateja watahitaji kilowati milioni 41, na zilizokuwapo ni milioni 31. Wenzao wa magharibi walikuwa na mitambo mizima na moyo wa kusaidia, lakini mlango uliokuwapo uliweza kupitisha milioni moja tu, fungu moja la kumi la upungufu. Basi eneo la Tokyo liligawanywa katika makundi matano, na kila kundi likazimiwa umeme kwa zamu, kiasi cha saa tatu kila zamu. Taa za barabarani zilizimika katika njia panda, treni zilipunguzwa, na viwanda vikashindwa kupanga kazi ya kesho. Zamu hizo zilipokoma mwishoni mwa mwezi, hofu ya kiangazi ilibaki, na kuanzia Julai hadi Septemba wateja wakubwa wa Tokyo na Tohoku waliamriwa kwa sheria kupunguza matumizi yao kwa asilimia 15.

Haitakuwa haki kuyatwika marudio lawama yote. Hata kama Japani nzima ingekuwa na 50, waya za kuvuka milima zingepaswa kuwapo kwanza, na kampuni zenye kujitegemea hazikuwa na hamu ya kuzijenga. Kisiwa cha Hokkaido kina marudio 50 sawasawa na Tokyo, na bado kilikuwa kikiunganishwa na kisiwa kikuu kwa njia ya mkondo mnyoofu chini ya bahari yenye uwezo wa kilowati 600,000 tu. Lakini marudio mawili yaliifanya kila njia ya kuvuka kuwa jengo la gharama kubwa badala ya nguzo na waya, na gharama hiyo ilitosha kuwapa watu udhuru wa kutofanya kitu kwa miaka arobaini.

Kwa vyombo vya nyumbani ugonjwa umekwisha kupona, karibu kwa bahati. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, viyoyozi vya Kijapani vilipoanza kutiwa vifaa vya elektroniki vinavyounyoosha umeme na kuufanya upya kwa marudio yoyote yatakiwayo, mota iliacha kuwa mtumwa wa mtambo. Friji zikafuata, mashine za kufulia na majiko ya maikrowevu nayo, hata taa. Saa zikahamia kwenye fuwele na betri. Zile kura zilizopigwa na vyombo vya nyumba kwa miaka mia zimefutika, lakini mitambo mikubwa, transfoma za njia kuu na mota za viwandani zimebaki upande wake.

Kwa hiyo kinachopanuliwa ni mlango, wala si kuubomoa ukuta. Higashi-Shimizu iliongezwa hadi kilowati 300,000 mwaka wa 2013. Mwaka wa 2021 ilifunguliwa njia ya Hida-Shinano, yenye kilowati 900,000, ikapitishwa juu ya milima ileile iliyotenganisha pande mbili, na jumla ikafika milioni 2.1, mpango uliowekwa baada yake ni kuifikisha milioni 3. Na treni ya Hokuriku, iliyoendelezwa hadi Kanazawa mwaka wa 2015, huuvuka mpaka wa marudio zaidi ya mara moja katika safari yake, ikibadili umeme pasipo abiria kuinua macho katika gazeti.